Haydom: Uwanda wa Ndimi Nne

Mwezi Mei 2022, mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alichangia mjadala wa bajeti ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kisha akapiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge jijini Dodoma. Picha zikasambaa nchi nzima. Wengine walicheka, wengine wakasema amelivunjia Bunge heshima. Barabara aliyokuwa akiidai ni ile inayotoka Karatu, ikapita Mbulu na Haydom, ikavuka Mto Sibiti na kuingia mkoani Simiyu. Anayeishi Haydom anaijua kwa vumbi la kiangazi na tope la masika, na kwa namna mama mjamzito anavyorushwarushwa ndani ya gari la wagonjwa kabla hajamfikia mkunga. Kwake yeye, sarakasi ile ilikuwa kilio.

Nimeanza na barabara kwa sababu wengi wanaoandika kuhusu mkoa wa Manyara huanza na tembo wa Tarangire na heroe wa Ziwa Manyara, na wakimaliza hapo huona wamemaliza mkoa. Haydom haimo. Na bado pembe hii ya magharibi, inayokatwa na mpaka wa wilaya za Mbulu na Hanang, ina mlima wa nne kwa urefu nchini, ina jamii ambayo hadi leo baadhi ya watu wake wanaishi kwa kuwinda na kurina asali, ina hospitali ambayo tafiti zake zinasomwa na madaktari wa mabara yote, na imezaa kesi ya ardhi ambayo wanafunzi wetu wa sheria wanaisoma mpaka leo. Ninachokiamini nikiseme mapema. Haydom haijapungukiwa na vivutio. Kinachokosekana ni njia ya kufika na uhakika wa ardhi kwa wenyeji, na utalii ukitangulia kabla ya hayo mawili, wenyeji watahesabu hasara nyingine juu ya zile walizokwisha kuhesabu.

Tuanze na nchi yenyewe. Haydom imekaa juu ya uwanda wenye mwinuko wa karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kiasi cha kilomita 300 kutoka Arusha. Upande wa kaskazini-magharibi ardhi inateremka hadi Bonde la Yaeda, pakavu penye mibuyu na migunga, na mbele ya bonde liko Ziwa Eyasi lenye maji ya magadi. Upande wa kusini-mashariki Mlima Hanang umesimama peke yake, mita 3,420, volkano iliyozimika, na kwa urefu nchini unazidiwa na Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin tu. Kati ya Haydom na mlima huo kuna Basotu na ziwa lake la kasoko. Magharibi, Mto Sibiti unatoka Ziwa Kitangiri na kumwaga maji yake Eyasi. Ng'ambo yake ni Meatu, nchi ya Wasukuma. Kusini-magharibi ukishuka unaingia Mkalama, mkoani Singida.

Mvua hapa ni ya msimu mmoja, inaanza kuelekea mwisho wa mwaka na kukatika kwenye Aprili au Mei. Milima ya Mbulu, hasa penye msitu wa Nou, inapata maji mengi zaidi, na ndiyo inayolisha mito na chemchemi za chini. Kadiri unavyoshuka kuelekea Yaeda, mahindi na maharage yanapungua, mtama na mifugo vinashika nafasi, na mwishowe kilimo kinakoma kabisa. Mwinuko ndio unaoamua nani anaishi wapi na kwa kazi gani: mkulima juu, mfugaji katikati, mwindaji bondeni. Wakati wa ukame mpangilio huo unavurugika, kila mmoja anahitaji maji na majani ya mwenzake, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Mji wenyewe haujazeeka. Hadi katikati ya karne iliyopita sehemu kubwa ya uwanda huu ilikuwa pori la mbung'o, na ng'ombe hawakuweza kukaa. Wairaqw walikuwa wamebanana katika chimbuko lao, Irqwa Da'aw, milima ya Kainam ambayo wengi huiita Mama Isara, wakilima kwa matuta na samadi katika mashamba madogo madogo. Serikali ya Kiingereza ikafyeka mapori ili kumfukuza mbung'o, ikawataka watu wapunguze mifugo na wahamie ardhi mpya. Watu wakashuka kusini, familia kwa familia. Ardhi hiyo "mpya", hata hivyo, haikuwa tupu. Wadatoga walikuwa wakilisha humo kila mbung'o aliporudi nyuma, na Wahadzabe walikuwa wakiwinda humohumo tangu zamani ambazo hakuna anayezihesabu. Hapa ndipo penye mzizi wa mambo mengi yaliyofuata.

Katika pori hilo lililokuwa likifyekwa, Misheni ya Kilutheri ya Norway ikajenga hospitali. Ilifunguliwa mwaka 1955, na mji ukaota kuizunguka: kwanza nyumba za wafanyakazi, kisha maduka, shule, makanisa, gereji, nyumba za kulala wageni kwa ajili ya ndugu wanaouguza, na uwanja mdogo wa ndege. Leo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ina vitanda zaidi ya 400, inamilikiwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mbulu, na tangu 2010 inatambuliwa na serikali kuwa hospitali ya rufaa ya ngazi ya mkoa. Jirani yake kuna chuo cha afya kinachofundisha wauguzi.

Hospitali hii inaeleza nchi ya Haydom kuliko ramani yoyote ya serikali. Pita asubuhi kwenye viwanja vyake uangalie waliokaa chini ya miti wakisubiri. Mama wa Kibarabaig, tawi la Wadatoga, amevaa sketi ya ngozi iliyotiwa shanga, na alama za chale zimezunguka macho yake. Pembeni yake mzee wa Kiiraqw amejifunga blanketi, fimbo mapajani. Kuna Mnyisanzu aliyepanda basi usiku kutoka Mkalama na Msukuma aliyevuka Daraja la Sibiti na mtoto mgonjwa. Nesi anaita majina kwa Kiswahili, halafu anageuka kumuuliza mwenzake neno moja la Kidatoga ili bibi aelewe dozi. Wagonjwa hawa wanatoka mikoa mitatu, Manyara, Singida na Simiyu, na hakuna aliyeuliza mpaka wa wilaya kabla ya kuja.

Umbali huohuo uliowatesa watu ndio uliowafanya waganga wa Haydom wawe wabunifu. Kliniki za mama na mtoto zimepelekwa vijijini kwa gari na kwa ndege ndogo pale barabara iliposhindikana, na nyumba ya kusubiria wajawazito ilijengwa ili mama asianze safari akiwa na uchungu. Katika utafiti wa kimataifa wa MAL-ED, uliofuatilia utapiamlo na magonjwa ya kuhara kwa watoto wadogo katika nchi nane, Haydom ndiyo iliyoiwakilisha Tanzania. Utafiti wa uzazi salama unaojulikana kama Safer Births, uliofanywa na Haydom pamoja na wenzao wa Norway, ulizaa mafunzo na vifaa vya kumsaidia mtoto asiyepumua anapozaliwa. Mpango huo ukapelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida kubwa la tiba la Marekani, na yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takribani asilimia 40. Jambo la ukubwa huo limetoka mahali ambapo mgeni anayefika mara ya kwanza huuliza kama kuna umeme. Ninalisema kwa fahari, na sioni kwa nini watoto wa shule za Manyara wasifundishwe.

Tukija kwenye utawala, mambo yanakuwa ya kukatakata. Wilaya ya Mbulu ya wakati wa ukoloni ilikumbatia nchi hii yote, pamoja na Karatu, Babati na Hanang. Vipande vikamegwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ukatolewa katika mkoa wa Arusha, makao yakawa Babati. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,892,502 mkoani. Mbulu yenyewe ikagawanywa katika halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na hii ya Wilaya makao yake yako Dongobesh. Haydom ni mji mdogo chini yake. Mkulima wa Basotu anauza alizeti Haydom, anatibiwa Haydom, anasomesha mtoto Haydom, lakini akitaka hati ya ardhi au kibali chochote anakwenda Katesh, kwa sababu yeye ni wa Hanang. Halmashauri mbili zinapanga bajeti mbili kwa uwanda mmoja, kila moja ikiuona kama pembe yake ya mwisho. Hili ndilo kosa la kiutawala ninaloliona kubwa kuliko yote, na kulirekebisha hakuhitaji kuunda wilaya mpya. Vikao vya pamoja vya mara kwa mara juu ya maji, malisho na barabara vingetosha kuanzia.

Si kwamba watu wa huku hawajui siasa. Katika uchaguzi mkuu wa Tanganyika wa 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu: Herman Sarwatt, ambaye mwenyewe alikuwa mwanachama wa TANU, alisimama kama mgombea binafsi na kumshinda mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo wa Wagorowa. Wapiga kura wa Mbulu hawakukataa uhuru wala chama. Walikataa kuchaguliwa mtu. Baadaye Hanang ilimtoa Frederick Sumaye, Waziri Mkuu wa Tanzania kuanzia 1995 hadi 2005. Lami ikaja Katesh, kwenye barabara kuu ya Babati hadi Singida. Kuipandisha hadi Haydom kukabaki ahadi ya kila kampeni. Juni 2023 serikali ilitia saini mikataba ya barabara saba zenye jumla ya kilomita 2,035, kwa utaratibu wa mkandarasi kusanifu, kujenga na kutanguliza fedha, na Karatu–Mbulu–Haydom–Sibiti–Lalago–Maswa, kilomita 339, ikiwamo. Watu walishangilia. Kazi iliyoonekana ni ya vipande vipande, kama kile cha kilomita 25 kutoka Mbulu hadi Garbabi. Daraja la Sibiti limekwisha kujengwa na magari yanapita. Daraja la kisasa linaungana na barabara ambayo mvua moja kubwa inatosha kuisimamisha.

Sasa ardhi, na hapa sina budi kukaa kidogo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, serikali ilitaka nchi ijitosheleze kwa ngano, ikauchagua uwanda wa Basotu ulio chini ya Mlima Hanang. Shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Canada, likafungua mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Kila moja lilikuwa na maelfu ya ekari, trekta kubwa na mashine za kuvunia. Kwa aliyetazama kutoka Dar es Salaam, kule kulikuwa na ardhi kubwa isiyotumika. Kwa Mbarabaig, kule kulikuwa na majani bora kuliko yote, yale ya mabondeni yenye udongo mzito, ambayo wazee waliyatunza yaliwe kwa wakati wake katika mzunguko wa malisho wa mwaka mzima. Ukimwondolea mfugaji bonde, umemwondolea mzunguko wote, hata kama umemwachia vilima.

Mashamba yalipopanuliwa, maboma yalibomolewa, njia za ng'ombe kwenda kwenye maji na chumvi zikafungwa, na trekta zikapita juu ya makaburi. Hilo la makaburi linahitaji maelezo. Mzee wa Kibarabaig mwenye heshima hazikwi kwa siku moja. Anafanyiwa bung'ed, maziko yanayochukua miezi, ambapo kaburi linajengwa taratibu kwa udongo hadi liwe mnara, watu wanakusanyika kutoka mbali, pombe ya asali inatengenezwa, na mwisho wake kaburi linabaki kuwa mahali pa ukoo kukutana na kuomba. Hata Ngorongoro, ambako Wadatoga waliishi kabla ya kuondolewa na Wamasai katika karne ya 19, yapo makaburi ambayo wazao wao wanaendelea kuyazuru. Kulima kaburi la namna hiyo ni kuwaambia watu kwamba hawakuwahi kuwapo.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO. Mahakama Kuu mjini Arusha ikawapa ushindi mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha, ikisema kijiji hakikuthibitisha kwamba ardhi ile ilikuwa yake kisheria. Watu waliokuwa wamekaa hapo vizazi kadhaa walitakiwa kuonyesha karatasi ambayo hakuna aliyewahi kuwapa. Canada ilijiondoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mashamba yakadhoofika. Sehemu ikarudi kwa wanavijiji na sehemu ikaenda kwa wawekezaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuja kwa kiasi kikubwa kujibu vilio vya namna hii, kwa kutamka kwamba haki ya kimila ina uzito sawa na ile ya hati ya serikali. Kwa Wabarabaig wengi ilikuja ng'ombe wakiwa wamekwisha kutawanyika hadi Morogoro, Mbeya na Lindi, ambako wanaitwa wavamizi. Anayesoma habari za migogoro ya wakulima na wafugaji huko kusini akumbuke kwamba sehemu ya safari hiyo ilianzia Basotu.

Wahadzabe wana hadithi tofauti kidogo, na yenye matumaini. Ni watu wachache, kama elfu moja na ushee, wa Bonde la Yaeda na kingo za Eyasi. Wanaishi kwa asali, ubuyu, mizizi, matunda na nyama. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji yenye wadau kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu ilitaka kupewa bonde liwe kitalu cha kuwindia. Wahadzabe walipaza sauti, wanaharakati wa ndani na wa nje wakawaunga mkono, na kampuni ikajiondoa kabla mwaka haujaisha. Mwaka 2011, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, jamii ya Wahadzabe wa Yaeda Chini ikapata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii nzima, siyo la mtu mmoja mmoja. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Na kwa kuwa ardhi sasa ilikuwa na mwenyewe, ikawezekana kufanya biashara juu yake bila kuiuza: kampuni ya Carbon Tanzania inasaidia vijiji kuuza hewa ukaa inayotunzwa na msitu, na fedha zinalipa askari wa doria wa kijijini, matibabu na ada za watoto. Msitu usiokatwa umekuwa na mapato. Biashara ya hewa ukaa inahitaji kuangaliwa kwa macho makali, kwa maana bei zake hupangwa mbali, lakini ukilinganisha na kilichotokea Basotu, tofauti ni kubwa na chanzo chake ni kimoja: hati.

Tukigusa utamaduni, jambo la kwanza la kujua ni kwamba kwa muda mrefu wataalamu wamezigawa lugha za Afrika katika makundi makubwa manne, na yote manne yanasikika katika mnada mmoja huku. Kiiraqw ni cha Kikushi, ndugu wa lugha za Ethiopia na Somalia. Kidatoga ni cha Kiniloti. Kinyisanzu, Kinyiramba na Kinyaturu ni vya Kibantu kama Kiswahili chenyewe. Kihadzabe kina sauti za vidoko ambazo huwafanya wengi wakihusishe na lugha za kusini mwa Afrika, ingawa wanaisimu wengi wa leo wanaona kimesimama peke yake. Utafika siku ya mnada ukute kijana anapatana bei ya mbuzi kwa Kiswahili na mnunuzi, anamshauri baba yake kwa Kidatoga, na anamtania muuza chumvi kwa Kiiraqw. Kwake si jambo la ajabu.

Kila jamii ina hazina yake. Wairaqw wana slufay, maombi marefu ya kishairi yanayoongozwa na mzee mwenye ulimi mwepesi huku wengine wakiitikia. Humo wanaombea mvua, mifugo, watoto na amani na majirani. Mungu wao wa jadi, Lo'a, ni wa kike na ni mwema kama jua. Roho za mtoni, netlangw, ndizo za kuogopwa. Zamani walijenga nyumba zilizozama ndani ya mteremko, paa la udongo likilingana na ardhi, ili mvamizi apite bila kuona kijiji. Wadatoga wana wahunzi wanaogeuza vyuma chakavu kuwa mishale na bangili, na wana baraza la wanawake lenye mamlaka ya kumtoza mwanamume faini ya ng'ombe anapomkosea mama. Wanaodhani haki za wanawake zililetwa na semina wangejifunza hapo. Wanyisanzu wana ibada za mvua zinazoongozwa na watawala wawili, wa kiume na wa kike, kwa sababu kwao mvua haiji bila pande zote mbili kukutana. Wahadzabe wana epeme, ngoma ya usiku usio na mbalamwezi.

Sitaki kuchora picha ya peponi. Manyara ilikuwa ya kwanza nchini kwa ukeketaji katika utafiti wa afya wa 2015–16, ambapo asilimia 58 ya wanawake walikuwa wamekeketwa, na ule wa 2022 ulionyesha asilimia 43, bado miongoni mwa mikoa ya juu kabisa. Sheria imekataza kumkeketa msichana tangu 1998. Kushuka huko ni kazi ya mabinti waliokataa, akina mama waliobadilika, makanisa, walimu na wauguzi, na bado kuna safari. Mila ni mali ya watu walio hai, na walio hai wana haki ya kuacha inayowaumiza. Anayeuza utamaduni kwa watalii huku akilinyamazia hili hausaidii utamaduni.

Ukabila pia upo. Mdatoga amebeba kwa miaka mingi sifa ya ukali ambayo magazeti na wasimulizi wameikuza, na watoto wao shuleni wameonja dharau. Ndiyo maana naipenda kazi ya mradi wa utamaduni wa Haydom unaojulikana kama 4CCP, uliojengwa juu ya wazo la pembe nne, yaani makundi manne ya lugha, kukutana uwanja mmoja. Tamasha lake huwakutanisha Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na watu wa upande wa Singida, kila mmoja akitazama ngoma ya mwenzake na kula chakula cha mwenzake. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwa wenyeji kabla ya mgeni yeyote.

Naam, mgeni. Kwa sasa watalii wanaotaka kuwaona Wahadzabe na Wadatoga hupitia Karatu hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, wakiwa njiani kwenda au kutoka Ngorongoro. Wanafika alfajiri, wanafuatana na wawindaji saa chache, wanapiga picha, wananunua bangili kwa mhunzi, na kufikia mchana wamekwisha kuondoka. Fedha nyingi hubaki kwa kampuni ya usafirishaji na hoteli, na sehemu ya kinachofika kambini huishia kwenye pombe, jambo ambalo Wahadzabe wenyewe wanalilalamikia. Kijana anayeonyesha kuwinda kila asubuhi kwa ajili ya kamera hana muda wa kuwinda kweli. Hiyo ndiyo njia ambayo Haydom na Yaeda hazipaswi kuiiga, hata kama inaleta magari mengi.

Njia nyingine ipo. Mlima Hanang unapandwa kutoka Katesh, kwa siku moja ndefu au kwa siku mbili ukilala mlimani, na ukiwa juu unaona Ziwa Balangida likimetameta kwa chumvi upande mmoja na mashamba ya ngano ya Basotu upande mwingine. Msitu wake ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Wapandaji ni wachache mno ukilinganisha na Meru, na waongozaji wa Katesh wanastahili kazi hiyo. Lakini mlima huu una kovu. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mteremko wake iliyolegea na kushiba maji ilimeguka, ikawa mto wa tope, mawe na magogo ulioshuka juu ya Katesh, Jorodom, Gendabi na vitongoji jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki na nyumba nyingi zikafukiwa. Serikali iliwajengea walionusurika makazi mapya Waret, jina ambalo mzee wa Kibarabaig analikumbuka kwa sababu za shamba la ngano. Mgeni anayepanda Hanang leo anapita juu ya msiba huo, na mpango wowote wa utalii wa mlima unapaswa kuanza na upimaji wa miteremko, mfumo wa tahadhari na miti isiyoguswa.

Mbulu ina jambo jingine ambalo halijatumika: miguu ya watu wake. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho na goti lililojeruhiwa, ni mzaliwa wa Mbulu. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, ni wa Karatu jirani. Mwinuko, hewa na vilima ni vilevile. Iten ya Kenya imejijenga kwa wakimbiaji wa kigeni wanaokuja kufanya mazoezi miezi mizima, wakipanga vyumba na kununua maziwa ya jirani. Mgeni anayekaa miezi miwili analeta manufaa ambayo mgeni wa saa tatu hawezi kuleta, na Haydom tayari ina hospitali nzuri na uwanja wa ndege.

Haya yote yanarudi kwenye yale mawili: njia na ardhi. Wizara ya Ujenzi ifikishe lami Haydom na kuiunganisha na Daraja la Sibiti, kwa sababu ya wagonjwa na wakulima kwanza. Halmashauri za Mbulu na Hanang zipime malisho ya pamoja na kuyatolea hati za kimila, kama ilivyofanyika Yaeda Chini na katika baadhi ya vijiji vya wafugaji wa Hanang, kabla ya kumkaribisha mwekezaji yeyote wa kambi au hoteli. Na wewe msomaji, ukipata likizo, usiishie Karatu. Panda basi hadi Haydom, lala hapo siku tatu au nne, lipa mwongozaji wa kijijini mkononi mwake, na kabla hujamwelekezea mama yeyote simu yako, mwombe ruhusa.